Jopo la tuzo ya wanawake katika teknolojia: viti vitano, tumkalishe nani?

Majina ishirini na mawili kwenye karatasi, viti vitano. Hapo ndipo kamati nyingi za tuzo hukwama, tena hukwama wiki mbili tu kabla ya barua za mwaliko kutoka, kwa kuwa kila mjumbe ana "dada mmoja yuko vizuri sana" wa kumpendekeza. Kwetu msimu huu huanza kuchemka Februari. Wengine wanalenga 8 Machi, Siku ya Wanawake. Wengine wanalenga Alhamisi ya nne ya Aprili, Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA. Nimekuwa katibu wa majopo ya namna hii mara tatu hapa Dar es Salaam, yaani mtu wa kuandika barua, kujumlisha alama na kuhakikisha chai haichelewi, na mara zote tatu mjadala ulikuwa wa majina. Fulani anajulikana. Fulani ana wafuasi wengi. Fulani akija, mdhamini atafurahi. Mara chache sana mtu aliuliza: huyu fulani, kwa kazi anayoamkia kila siku, atamuuliza nini mshiriki akikaa mbele yake?

Jaji huuliza anachokiuliza kazini. Mtu wa benki haachi ubenki wake mlangoni, na mhadhiri haachi kalamu nyekundu. Kwa hiyo nimewapanga hapa watu wanaoitwa mara nyingi, kwa taaluma zao, ili kamati iliyokwama ipate pa kushikia.

Ili wote wapimwe kwa mizani moja, nitampitisha mshiriki mmoja mbele yao. Mwaka mmoja alikuja kwetu binti aliyetengeneza mfumo wa kuagiza samaki wa soko la Feri. Hakuwa na programu ya simu janja. Alikuwa na menyu ya nyota na reli, kama ile ya kutuma pesa kwa simu, kwa sababu wateja wake ni mama lishe wa Ilala na Kariakoo, na wengi wao wanashika simu ya kitochi. Aliingia, akasema "Shikamooni", akaweka mezani kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni na daftari la kaunta lenye oda za miezi saba. Tumwite binti wa Feri.

Vigezo kabla ya majina

Cha kwanza: je, anaweza kutofautisha kazi ya kweli na maelezo matamu? Cha pili: anayajua mazingira ya washiriki, au atawapima kwa mazingira yake? Cha tatu ni maslahi, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Cha nne ni muda, na hiki watu hukidharau. Piga hesabu: mafaili 60, kila moja dakika 20, ni saa 20 za kusoma kwa kila jaji, kabla hata ya siku ya kuhojiana. Mtu asiye na saa 20 atasoma mafaili kumi ya juu na kubahatisha yaliyobaki. Cha mwisho ni jina lake litamsaidia nini mshindi baada ya picha kupigwa.

Hicho cha mwisho mimi nakipa uzito mdogo kuliko wengi wanavyokipa. Hata hivyo hakiwezi kufutwa. Kwa binti wa mwaka wa pili chuoni, kuweza kuandika kwenye wasifu wake kwamba kazi yake ilipitiwa na mhandisi fulani ni mlango.

Mhandisi au mtu wa programu

*Anachokiona.* Swali lake la kwanza kwa binti wa Feri lilikuwa hili: "Dada, mtandao ukikatika mteja akiwa katikati ya kuagiza, oda inakuwaje?" Binti akajibu bila kutazama kompyuta. Oda inasubiri dakika kumi, isipothibitishwa inajifuta na mteja anapata ujumbe. Akaongeza kwamba mwanzoni hakulijua hilo. Mteja mmoja alibonyeza mara tatu kwa sababu mtandao ulikuwa unayumba, mfumo ukahesabu oda tatu, na kilo nane za pweza zikamwozea mikononi. Meza nzima iliinua kichwa. Kwenye karatasi yake habari ya pweza haikuwepo.

Hicho ndicho mhandisi anachokileta. Anamtambua aliyejenga na aliyejengewa. Katika tuzo za wanawake jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kuna mnong'ono usiokosekana ukumbini: "Nyuma yake kuna kaka." Maswali mawili ya mhandisi, yakiulizwa kwa heshima, huumaliza mnong'ono huo bila mtu kuutaja.

*Kinachompita.* Anapenda kazi ngumu kuliko kazi inayofaa. Mhandisi huyohuyo alimpa binti alama ndogo kwenye ubunifu, akisema menyu ya nyota ni teknolojia ya zamani. Ni kweli ni ya zamani. Ndiyo maana mama lishe wanaiweza.

Halafu "mhandisi" si mtu mmoja. Mwaka 2022 Norah Magero wa Kenya alishinda Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa VacciBox, jokofu dogo la umeme wa jua la kusafirishia na kuhifadhi chanjo. Mkalishe mbele ya watu wa programu watupu, utasikia maswali ya programu ya kufuatilia joto, na hakuna atakayeuliza habari ya betri, ya matengenezo, wala ya jokofu lenyewe kubebwa kwenye barabara ya vumbi. Kama kwenye fomu zenu kuna vifaa, tafuteni mhandisi wa umeme au mitambo. Msidhani mtu wa programu atajaza nafasi hiyo.

*Maslahi na muda.* Huyu hana itifaki. Mtumie mafaili Ijumaa, atayasoma Jumapili usiku. Tatizo ni kwamba mji wa watu wa programu ni mdogo. Utakuta alimfundisha mshiriki, au walifanya kazi ofisi moja, au anatengeneza kitu kinachoshindana naye. Muulize mapema, kwa maandishi.

*Anamfaa nani.* Tuzo yoyote inayotaja "aliyejenga" kwenye masharti yake. Tuzo ya uongozi au ya sera haimhitaji sana.

Mwanzilishi wa kampuni

*Anachokiona.* "Mteja wako wa kwanza ulimpataje, na wa kwanza kukukimbia alikimbia kwa nini?" Huyu anajua foleni ya usajili, anajua mashine ya risiti ya EFD inavyoweza kugoma siku ya mauzo makubwa, anajua mtu anayesema "tuna watumiaji 4,000" anaweza kuwa na 4,000 waliojisajili na 90 waliorudi. Takwimu zilizopambwa hazimpiti. Daftari la kaunta la binti wa Feri, ambalo wengine walilitazama kama uchafu mezani, yeye alilifungua ukurasa kwa ukurasa. Akaona jina moja la mama lishe likijirudia kila Jumanne na Ijumaa kwa miezi mitano. Akalizungushia duara kwa penseli, akampitishia jirani yake.

*Kinachompita.* Mtu asiye na kampuni. Mtaalamu wa hifadhidata wa hospitali ya mkoa aliyezuia kumbukumbu za wagonjwa zisipotee, mwalimu wa kompyuta wa shule ya kata, mtu wa usalama wa mifumo anayelala na simu chini ya mto: hao hawana "mteja wa kwanza" wa kumsimulia. Kwa mwanzilishi wanaonekana waajiriwa tu. Na ana ugonjwa mmoja wa kawaida, kumpima kila mtu kwa njia aliyopita yeye. "Mimi nilianza bila hata meza." Sawa, lakini binti huyu naye hana meza, tena ana mtoto wa miaka miwili.

*Maslahi na muda.* Hapa kuwe na macho mawili. Mwanzilishi akisoma mafaili 60 anasoma mawazo 60 ya soko lake. Wengi ni waaminifu, ila hati ya kutunza siri isainiwe kabla faili halijatumwa, na faili la mshindani wake lisimfikie kabisa. Kuhusu muda, huahidi kwa moyo wote. Siku ya kuhojiana akipata mkutano na mteja mkubwa, utapokea ujumbe saa moja asubuhi.

*Anamfaa nani.* Tuzo za biashara changa, hasa zile ambazo mshindi anapata mtaji au mwaka wa kulelewa.

Mwekezaji au mtu wa benki

*Anachokiona.* Pesa inavyoingia na kutoka. Binti wa Feri aliulizwa gharama ya barafu kwa kilo moja, na kumbe hakuwahi kuitenganisha na nauli ya bodaboda. Swali lilimuuma, lakini lilimsaidia kuliko pongezi zote za siku hiyo.

*Kinachompita.* Huyu nitamkalia kidogo, kwa sababu kasoro yake imepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, Dana Kanze na wenzake, waliyachambua maswali ambayo wawekezaji waliwauliza waanzilishi wa kampuni katika mashindano yaliyokuwa yakifanyika New York. Matokeo yalitoka 2017. Maswali waliyoulizwa wanaume, 67% yalihusu kupanda: mtakua vipi, soko ni kubwa kiasi gani, mnalenga wapi. Maswali waliyoulizwa wanawake, 66% yalihusu kutoanguka: utawazuiaje wateja wasiondoke, utalindaje ulichonacho, hasara itakuwaje. Anayeulizwa habari ya kulinda hujibu habari ya kulinda, na mtaji mkubwa ulikwenda kwa walioulizwa habari ya kukua. Kilichonishtua zaidi ni kwamba wawekezaji wanawake nao waliuliza vilevile.

Kwa hiyo ile imani kwamba jopo la wanawake watupu limeshamaliza tatizo, iangalieni upya. Mimi bado napenda wanawake wawe wengi mezani. Binti anayeingia chumbani akakuta suti tano za wanaume huanza kuongea kwa sauti nyingine. Ila kinachomlinda ni swali lililoandikwa. Yaandikeni maswali matano, kila mshiriki aulizwe yaleyale kwa mpangilio uleule, na mawili kati yake yawe ya kukua. Baada ya hayo, jaji aulize la kwake.

*Maslahi na muda.* Akimpenda mshindi anaweza kutaka kuweka pesa. Si dhambi, kwa mshindi ni neema. Mkubaliane tu kwamba mazungumzo hayo yanasubiri matokeo yatangazwe. Muda wake ni mchache lakini ni wa uhakika: akisema saa nne, ni saa nne.

*Anamfaa nani.* Tuzo yenye mtaji. Kwenye tuzo za wanafunzi huwa anavunja watu moyo bila kukusudia.

Mhadhiri au mtafiti

*Anachokiona.* Kama kitu ni kipya kweli, au ni kile cha miaka minne iliyopita kilichopakwa rangi. Anajua pia kusoma jaribio. Mshiriki akisema mfumo wake unatambua ugonjwa wa mihogo kwa picha, mhadhiri atauliza picha zilipigwa wapi, ngapi, na kama zile za kujaribia zilikuwa miongoni mwa zile za kufundishia. Swali hilo likikosa mtu wa kuliuliza, jopo linaweza kumpa tuzo mtu ambaye mfumo wake umekariri majibu.

*Kinachompita.* Kazi isiyoandikwa. Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta, ilianza kutolewa 1966. Mwanamke wa kwanza kuipata ni Frances Allen, mwaka 2006. Miaka arobaini. Baada yake wakafuata Barbara Liskov wa 2008 na Shafi Goldwasser wa 2012. Wanawake walikuwa wanafanya kazi hiyo muda wote. Dunia inayohesabu makala, vyeo na walioshika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya waandishi ilichukua muda mrefu kuwafikia. Mhadhiri wetu ametoka kwenye dunia hiyohiyo. Binti wa Feri hana andiko, ana daftari.

*Maslahi na muda.* Anasoma. Hakuna jaji anayesoma kama yeye. Mafaili yanarudi na maandishi pembezoni. Lakini usimwite wiki za mitihani, na hakikisha wanafunzi wake hawapo kwenye orodha.

*Anamfaa nani.* Tuzo za utafiti, za wanafunzi wa vyuo, na chochote chenye akili bandia ndani yake.

Mtu wa serikali au wa mamlaka ya usimamizi

*Anachokiona.* Sheria. Alikuwa yeye peke yake aliyemuuliza binti wa Feri, "Hizo namba za simu za wateja unazihifadhi wapi, na waliridhia?" Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na washiriki wengi hawajazisoma. Anajua pia kama mfumo unaweza kuunganishwa na mifumo ya umma au utabaki kisiwa.

*Kinachompita.* Hatari. Kazi yake imemfundisha kuikwepa, na ubunifu mwingi huanza bila kibali.

*Maslahi na muda.* Unamwandikia mkurugenzi uliyemlenga, mama mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Barua inapita kwa mkuu wa taasisi, inapigwa muhuri, inakaa. Siku ya kikao anakuja kijana mpole na barua iliyosainiwa "Kny", kwa niaba ya. Hajaona faili hata moja. Imenitokea zaidi ya mara moja, na kosa lilikuwa langu: nilialika cheo. Barua iseme kwa jina, na iseme wazi kwamba nafasi hii haikaimishwi. Mambo ya posho na nauli nayo yawekwe kwenye barua hiyohiyo, yasisubiri mlangoni.

*Anamfaa nani.* Tuzo za huduma za umma, afya, elimu, fedha. Au pale mnapotaka mshindi afunguliwe mlango wa wizara.

Mlezi: anayefundisha wasichana

*Anachokiona.* Umbali mtu aliotoka. Nairobi kuna AkiraChix, iliyoanza 2010 kuwafundisha wanawake vijana kompyuta. Dar es Salaam kuna Apps and Girls, tangu 2013. Watu wa asasi za namna hii wamekaa na wasichana siku zile ambazo kompyuta ni moja kwa watatu na umeme umekatika. Mshiriki akiduwaa mbele ya jopo, mlezi anajua kama hajui au ameshikwa na haya. Mmoja alisema tu, "Mwanangu, hebu tuonyeshe badala ya kutuambia," na binti aliyekuwa anatetemeka akafungua kompyuta akawa mtu mwingine.

Anawajua pia wasioandika Kiingereza cha fomu. Hapa Tanzania mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, tangu yalipoanza 2019, yana kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi, pamoja na makundi ya shule na vyuo. Jopo lisilo na mtu wa kuielewa kazi ya fundi asiye na cheti litamwacha nje huyo fundi hata kama masharti yamemkaribisha.

*Kinachompita.* Anahurumia. Alama zake hupanda kwa juhudi, na juhudi si kigezo pekee.

*Maslahi na muda.* Muda anao na moyo anao. Maslahi ndiyo mtihani: nusu ya mabinti walioomba wamepita mikononi mwake. Suluhisho rahisi liko mji mwingine. Mwite mlezi wa Mwanza ahukumu Dar es Salaam, na wa Mombasa ahukumu Nairobi.

*Anamfaa nani.* Tuzo za sekondari, za wanaoanza, za vijijini.

Mwanahabari, mtu maarufu, na mdhamini

Hawa nawapitia haraka. Mwanahabari wa teknolojia aliyezoea kuchimba ni jaji mzuri kuliko watu wanavyodhani: anauliza kwa lugha ya kawaida, na mshiriki asiyeweza kumweleza hawezi kumweleza mteja. Muda wake ni wa kuvizia, na akubali kutoandika habari za washiriki kabla ya matokeo. Mtu maarufu hutoa jina na picha. Mafaili hasomi, na kusema kweli hakuna aliyemtarajia asome. Anafaa usiku wa kutoa tuzo. Mdhamini akitaka kiti kwa ajili ya mkuu wake wa masoko, mpeni maiki, msimpe karatasi ya alama. Kama amebobea kweli kwenye fani, aingie kama mhandisi au mwekezaji, apimwe kwa vigezo vyao.

Alama zao hazina uzito mmoja

Hili nililigundua nikijumlisha alama saa tatu usiku, na sijawahi kuona kamati ikilijadili mapema. Kila taaluma ina mkono wake wa kutoa alama. Vyuo vyetu vingi A huanzia 70, kwa hiyo mhadhiri akiandika 72 amesifu sana. Mwanzilishi na mtu wa vyombo vya habari hugawa 95 kama peremende. Sasa tazama: washiriki wawili, majaji watatu. Mhadhiri anampa wa kwanza 62, wa pili 65. Mhandisi anatoa 64 na 66. Mtu wa tatu anatoa 95 na 60. Majaji wawili kati ya watatu wamempenda wa pili, ila jumla ni 221 dhidi ya 191, na wa kwanza anapanda jukwaani. Mtu mmoja mwenye mkono mpana ameamua peke yake, wala hajui.

Kadiri mnavyochanganya taaluma, ndivyo tatizo hili linavyokua. Dawa ni mbili. Ama majaji wapange nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, badala ya kutoa alama; ama kabla ya yote wasome faili moja la mfano pamoja, kila mtu aseme alama yake na sababu, mikono isogeleane. Sisi tulifanya la pili kwa kutumia faili la mwaka uliopita. Alama zilianzia 41 hadi 88 kwa faili lilelile. Kicheko kilikuwa kikubwa, na kazi ya siku hiyo ikawa ya haki zaidi.

Kwa hali yenu

*Tuzo ina mtaji, washiriki wana biashara.* Waanzilishi wawili, mwekezaji mmoja, mhandisi mmoja, mtu wa sheria au mamlaka mmoja. Mhandisi asiachwe hata kama mdhamini anaona hana haja.

*Wanafunzi wa sekondari na vyuo.* Walezi wawili kutoka nje ya mji, mhadhiri mmoja, wahandisi wawili, na mmoja wa hao awe kijana. Binti wa miaka kumi na saba akimwona mhandisi wa miaka ishirini na sita anaona kitu ambacho profesa hawezi kumwonyesha.

*Tuzo ya heshima, mtu anatambuliwa kwa kazi ya miaka mingi.* Hapa hakuna mahojiano, kuna kumbukumbu. Mhadhiri, mwanahabari mchimbaji, na mtu mmoja aliyestaafu serikalini au kwenye kampuni za simu, anayejua nani alifanya nini kabla ya intaneti kuwa ya kila mtu. Wastaafu wana saa 20, na hawamwogopi mtu.

*Vifaa na mashine vimo.* Ongezeni mhandisi wa umeme au mitambo kabla ya kuongeza mtu mwingine yeyote, na wekeni saa moja ya kukiwasha kifaa mbele ya jopo.

*Kundi ni la vijijini au la mfumo usio rasmi.* Mlezi, fundi mwenye jina sokoni, na mtu wa benki ya jamii au VICOBA badala ya mwekezaji wa mjini. Kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, na fomu pia.

*Hamna bajeti, viti ni vitatu.* Mhandisi, mlezi, na wa tatu achaguliwe kwa kutazama zawadi: kama ni pesa, mwanzilishi, kama ni masomo, mhadhiri, kama ni kuunganishwa na serikali, mtu wa serikali kwa jina lake.

Na katika hali zote hizo, mwiteni mmoja wa ziada, mumpe mafaili yote, mumlipe kama wenzake. Siku ya kikao, saa moja asubuhi, ule ujumbe wa "samahani dada, nimepata dharura" utaingia.